Anayefundisha kupaka rangi ya gundi afundishe na kuitoa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme jambo kuhusu rangi ya mwili iliyochanganywa na gundi, ile ambayo wapenzi wa kosplei, yaani mchezo wa kuvaa na kujipamba kama wahusika wa sinema na katuni, wanaisifu kwamba haitoki kwa jasho wala haipaki nguo. Sifa hizo ni za kweli. Lakini maelekezo mengi yanayosambaa humfundisha mtu kuchanganya na kupaka, kisha yanaishia pale anapopigwa picha akiwa amekwisha kuwa jini la kijani. Usiku wake, akiwa bafuni anajikwangua kwa kucha na sabuni, hauandikwi. Na ngozi huumia usiku huo. Ombi letu ni kwamba atakayeandika habari hii tena aweke kupaka na kutoa katika makala moja, maana namna rangi itakavyotoka ndiyo inayoamua ipakwe wapi.

Rangi yenyewe wapambaji huiita pax. Jina hilo limeunganishwa kutoka Pros-Aide, ambayo ni gundi ya kubandikia viungo bandia, na akriliki, yaani rangi ya wachoraji. Aliyeifanya ijulikane ni Dick Smith, mpambaji wa sinema wa Marekani aliyeishi 1922 hadi 2014, na kazi ya kwanza ya rangi hiyo ilikuwa kupaka pua, mashavu na shingo za uzee zilizotengenezwa kwa povu la mpira. Povu hilo hunyonya, hujikunja kila uso unapojikunja, na rangi ya kawaida ikikaa juu yake hupasuka. Kwa hiyo pax ilikusudiwa kipande kilichobandikwa, na ngozi ilipata kidogo tu pale kwenye kingo, ili mpaka usionekane. Mtu anayejipaka pax kifua na mgongo anaitumia nje ya kazi yake ya asili. Inawezekana kwa kiasi, ila ajue hivyo tangu mwanzo.

Kwa nini gundi isaidie? Gundi hii na akriliki zote ni chembe ndogo mno za plastiki zinazoelea majini. Maji yakikauka chembe zinabanana na kuwa utando. Plastiki ya rangi ya mchoraji ni ngumu kidogo, na juu ya turubai lisilotikisika hilo si neno. Juu ya shingo inayogeuka huku na huku, utando huo hupasuka na kumeguka vigamba. Plastiki ya gundi ni laini na haiwi ngumu hata ikikauka, hivyo ikichanganywa humo utando hunyumbulika pamoja na ngozi. Ulaini huohuo ndio unaofanya rangi iendelee kunata hata ikiwa imekauka. Uzuri wake na udhia wake ni kitu kimoja, huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine.

Hapa neno "gundi" limewaponza wengi. Gundi nyeupe ya karatasi na mbao hukauka ikawa ngumu, halafu jasho huilainisha na kuiinua vipande vipande. Gundi ya utomvu inayoyeyushwa kwa spiriti, ile ya kubandikia ndevu, haipatani na rangi ya maji kabisa: ukizichanganya hukatika mabonge kama maziwa yaliyochacha. Mpira wa majimaji wa kupaka, yaani lateksi, una harufu kali ya amonia na protini za mpira, na mwenye mzio wa mpira anaweza kupata shida ya kupumua, si muwasho tu. Ama gundi ya papo kwa papo, hiyo isikaribie mwili kwa namna yoyote. Ikigusa pamba au nguo ya pamba hupata moto kiasi cha kuunguza. Maelekezo yanayosema "tumia gundi yoyote uliyonayo" yafutwe yalipoandikwa.

Upande wa rangi nako kuna mtego. Kibandiko cha "haina sumu" kwenye chupa ya akriliki kinamhusu mtu anayechora, anayegusa kidogo na kunawa. Hakimhusu mtu anayekaa na rangi hiyo mwilini saa sita huku anatoka jasho. Akriliki huhifadhiwa kwa dawa za kuzuia ukungu na bakteria, nyingi zikiwa za jamii ya isothiazolinoni, ambazo ni maarufu kwa kuleta mzio wa ngozi. Moja ya jamii hiyo, methilisothiazolinoni, tangu 2017 hairuhusiwi na Umoja wa Ulaya katika vipodozi vinavyoachwa kwenye ngozi. Kuna tena rangi zilizotengenezwa kwa metali za kadimi (cadmium) na kobalti (cobalt), hasa nyekundu, njano na bluu kali. Soma jina la rangi nyuma ya chupa, na ukiona kadimi au kobalti iache kwa wachoraji. Rangi ya ukutani isitumike, hilo halina mjadala.

Msimamo wetu basi ni huu: akriliki ipakwe kwenye viungo bandia, na ngozi ipate gundi iliyotiwa poda za rangi za daraja la vipodozi. Zipo oksidi za chuma kwa nyekundu, njano na nyeusi, dioksidi ya titani kwa nyeupe, oksidi ya kromi kwa kijani. Zitafutwe zilizoandikwa kuwa ni za vipodozi. Oksidi ya chuma ya kutia rangi saruji ni ya ukoo huohuo, lakini haikusafishwa kwa kiwango hicho. Anza na robo kijiko cha chai cha poda kwa vijiko vitatu vya chai vya gundi. Poda ilowanishwe kwanza kwa matone ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, ipondwe hadi iwe laini, ndipo gundi iingie. Ukiimwaga kavu utapata chembechembe zisizoyeyuka, na kila chembe itaacha mstari ukipitisha sponji. Ukiizidisha, gundi haitoshi kuishika: rangi itachujuka kama chaki na kupasuka. Vaa barakoa wakati wa kupima, poda hizi ni nyepesi na hupaa.

Kwa viungo bandia vya povu, kipimo cha kawaida ni nusu kwa nusu, gundi na akriliki kwa ujazo. Kwenye kingo na sehemu zinazovutika sana, kama pembe za mdomo, tumia gundi sehemu tatu na rangi mbili. Viungo vya silikoni haviishiki rangi hii. Itakauka juu yake na kubanduka kama ganda, kwa hiyo vina rangi zao. Koroga taratibu kwa kijiti bapa. Ukitikisa chupa, mapovu yanaingia, na kila povu likipasuka juu ya ngozi huacha kitobo. Sahani ifunikwe kwa kitambaa kibichi, maana rangi hufunga utando juu ndani ya dakika chache, na ule utando ukiuchovya unakuwa kamasi kwenye brashi. Uzito uwe wa uji mwepesi. Ikiwa nzito ongeza matone ya maji, ila usifike robo ya mchanganyiko, kwa sababu gundi iliyojaa maji haifungi utando mzima.

Jambo linalowashangaza wanaoanza ni rangi kubadilika. Gundi ikiwa mbichi ni nyeupe kama maziwa, ikikauka inakuwa kama kioo. Kijani ulichokipenda kwenye sahani kitakuwa kimekolea zaidi kikikauka, na asiyejua hilo hupaka uso wa rangi moja na mikono ya nyingine. Paka tone kwenye kipande cha plastiki, likaushe, ndipo uamue.

Kuhusu kiasi, hesabu inasaidia kuliko kukisia. Mtu mzima ana ngozi ya takriban mita za mraba 1.7, na mkono mmoja kuanzia begani ni kama asilimia 9 yake, yaani sentimita za mraba 1,500 hivi. Tabaka jembamba la sehemu 5 za mia ya milimita linahitaji mililita 7 hadi 8 kwa mkono huo. Matabaka matatu ni mililita 23, na sponji nayo itakunywa sehemu yake, kwa hiyo andaa 35. Tumeeleza hili kwa sababu anayechanganya kidogo hulazimika kuchanganya tena katikati ya kazi, na mara ya pili rangi haifanani na ya kwanza.

Kabla ya siku yenyewe, fanya jaribio. Paka duara la ukubwa wa sarafu upande wa ndani wa mkono, liache muda uleule utakaokaa na rangi, litoe kwa kiondoa gundi kilekile utakachotumia, kisha tazama kwa siku tatu. Mzio wa ngozi mara nyingi hauonekani saa ileile. Unaweza kujitokeza siku ya pili au ya tatu. Rudia baada ya wiki mbili, kwa kuwa mwili unaokutana na kitu mara ya kwanza unaweza kunyamaza, ukajifunza kukikataa, na kuwaka mara ya pili. Ndiyo maana anayeanza maandalizi juma moja kabla ya onyesho hana muda wa kutumia rangi hii. Atumie ya maji au ya mafuta.

Kunyoa kufanyike siku moja kabla, kamwe si asubuhi ileile, maana wembe huacha michubuko isiyoonekana na gundi itachoma humo. Siku ya kupaka ngozi ioshwe kwa sabuni na kukaushwa, bila losheni wala mafuta, kwani mafuta huilegeza gundi. Chukua sponji, ichovye kidogo, ipunguze kwenye kitambaa, kisha donoadonoa. Usipake kwa kuvuta kama unayepaka ukuta. Ukivuta, unanyanyua tabaka lililoanza kushika na kupata mifereji. Tabaka likiwa bado na weupe wa maziwa, maji yamo, subiri. Feni au mashine ya kukaushia nywele kwenye hewa baridi inaharakisha. Hewa ya moto hukausha juu tu, chini kukabaki na maji, na baadaye hapo ndipo panapotuna.

Matabaka mawili au matatu membamba yanatosha, halafu poda isiyo na rangi, nyingi, ibandikwe kwa kibonge laini cha kupakia poda hadi kunata kuishe. Baada ya hapo futa poda ya ziada kwa sponji yenye unyevu kidogo, la sivyo jini litaonekana limemwagiwa unga. Sehemu inayohitaji uangalifu kuliko zote ni kikunjo cha kiwiko. Mkono ubaki umenyooka tangu tabaka la kwanza hadi poda. Ukiukunja mapema, utando wa juu unaushika wa chini. Ukiunyoosha unaona nyuzi nyembamba zinavutika kama utandabui, kisha zinakatika na kuacha mstari wa ngozi tupu katikati. Mstari huo hauzibiki vizuri, kwa sababu rangi mpya huacha matuta pembeni mwake. Ukikutokea, toa rangi ya kikunjo chote na uanze upya hapo.

Sasa kuhusu mipaka. Kope na pembe za macho hapana. Midomo hapana. Nyusi, ndevu na mstari wa nywele hapana, maana gundi huzivika nywele na kuzifunga kwenye ngozi. Acha nafasi ya upana wa kidole na umalizie kwa vipodozi vya kawaida vya mafuta. Kwapa na kinena hapana. Viganja havifai pia, vinatoka jasho na kushikashika kila kitu, na rangi haidumu hata saa moja. Watoto wasipakwe rangi hii kabisa. Ngozi yao ni laini, na hawawezi kukaa watulie wakati wa kuitoa.

Mwili mzima nao hapana, na tuseme sababu iliyo sahihi. Huwa inasemwa kwamba ngozi iliyopakwa "inashindwa kupumua". Binadamu anapumua kwa mapafu. Tatizo ni joto: mwili hujipoza kwa jasho kuvukizwa juu ya ngozi, na utando wa plastiki unazuia hilo. Mtu aliyefunikwa kila mahali, chini ya taa, amevaa na vazi zito juu yake, anaweza kuishiwa nguvu kwa joto bila kutambua chanzo. Sisi hatupaki zaidi ya uso, shingo na mikono. Sehemu zilizobaki zivikwe vazi la kubana la kitambaa kinachovutika lililotiwa rangi ileile, na kwenye picha hakuna atakayejua. Aliyepakwa akihisi kizunguzungu au baridi ya ghafla huku amevaa, avuliwe vazi, apelekwe penye hewa, apewe maji. Akichanganyikiwa au akianza kuzimia, aitiwe msaada wa matibabu mara moja huku akiendelea kupozwa kwa maji na feni. Rangi itaharibika, na iharibike.

Tumefika kwenye kutoa, na tunaomba nafasi zaidi hapa. Muda wa kutoa usipungue muda wa kupaka. Kama mikono na shingo vilichukua saa moja na nusu, tenga saa moja na nusu, na usiahidi kwenda popote usiku huo. Sabuni na maji haviifanyi kitu, kwa kuwa gundi iliyokauka hairudi kuwa maziwa. Kinachohitajika ni kiondoa gundi cha aina ileile, au mafuta ya isopropili miristati, ambayo huingia ndani ya utando na kuulegeza. Mafuta ya nazi au ya watoto yanafanya kazi pia, taratibu zaidi. Asetoni, petroli na maji ya kuchanganyia rangi za mafuta ni hatari kwa ngozi na kwa pumzi. Spiriti kali huilainisha gundi, lakini hukausha ngozi na kuchoma penye mchubuko. Iwekwe kwa ajili ya brashi.

Lenzi za macho zitoke kwanza, kwa mikono iliyooshwa, kabla chupa yoyote haijafunguliwa. Anza na mahali ambapo utando umekwisha kunyanyuka, kwa kawaida kifundo cha mkono au chini ya kidevu. Lowanisha pedi ya pamba, ikandamize hapo, uhesabu hadi sitini. Usisugue bado. Utaona ukingo unapoteza mng'ao, unakunjamana, kisha unaanza kujiviringa wenyewe. Hapo zungusha kidole kwa wepesi, na rangi itajikusanya kuwa vijiti laini kama ufutio wa penseli unavyoacha takataka. Futa, ongeza mafuta mbele kidogo chini ya ukingo uliobaki, endelea hivyo hivyo. Mkono mmoja huweza kula mililita 30 za mafuta, na anayebania mafuta atalipa kwa ngozi yake. Nenda na uelekeo wa malaika, yaani nywele laini za mwilini. Ukisikia malaika yanavutwa, gundi hapo haijalegea. Rudisha, ongeza, subiri.

Kishawishi ni kushika ukingo na kubambua kwa mkupuo, kwa sababu kipande kikubwa kinabanduka kwa raha machoni. Utando huo umeshika seli za juu za ngozi na kila laika lililomo. Unaobanduka ukiwa mkavu huondoka na vyote hivyo. Kesho yake ngozi imekuwa nyekundu, inang'aa kama kidonda kipya, na vipele vyenye usaha vinaweza kutokea kwenye vinyweleo vilivyong'olewa. Watu husema wamepatwa na mzio wa gundi, kumbe wamejichuna.

Gundi ikiingia kwenye nywele, usikimbilie mkasi. Paka mafuta, acha dakika kumi, pitisha kichana chembamba kuanzia nchani. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 na umwone daktari. Baada ya yote kutoka, oga kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ili mafuta yaliyobeba gundi yasibaki, kausha kwa kubonyeza taulo, paka losheni isiyo na manukato. Usirudie kupaka rangi hii mahali hapo kesho yake, hata kama onyesho ni la siku mbili. Siku ya pili vaa mikono mirefu, au chagua mhusika mwingine.

Vyombo vioshwe kwa maji na sabuni rangi ikiwa bado mbichi. Kilichobaki kwenye sahani kisirudishwe chupani. Kina uchafu wa ngozi, na kitaoza. Kisimwagwe kwenye sinki pia, kitaganda ndani ya bomba. Kiache kikauke, ukibandue, ukitupe. Chupa ya gundi isiachwe penye baridi ya kugandisha, kwani ikiganda mara moja chembe zake hushikana na haikorogeki tena.

Na mtu akibaki na wekundu unaowasha, malengelenge au uvimbe baada ya siku mbili, aende kwa daktari akiwa na chupa zote mkononi: gundi, rangi na kiondoa gundi. Daktari akisoma viambato atajua cha kupima. Akiambiwa tu "nilijipaka rangi ya kosplei", atakuwa anapapasa gizani.

Ni sisi wasomaji wako,
Wapambaji wa kosplei